Mbegu za nyuki dume zinagandishika, yai bado linagoma

Yai la nyuki lina urefu wa takriban milimita 1.5 na huanguliwa siku ya 3, likiwa kwenye sega lenye nyuzijoto 34 hadi 35. Chini ya ganda lake upo utando wenye nta unaozuia maji kupita. Utando huohuo unazuia dawa ya kukinga barafu isiingie, na dawa isipoingia, maji ya ndani hugeuka fuwele na kupasua seli. Viinitete vya inzi wa matunda viligandishwa miaka ya 1990 kwa kuvua ganda na kulegeza utando kwa kemikali. Kwa nyuki bado hakuna njia ya kutegemewa. Isitoshe, baridi peke yake hudhuru kiinitete hata kabla ya barafu kutokea. Kwa hiyo fremu ya sega lenye mayai isiwekwe kwenye jokofu kamwe. Ukiisafirisha, ifunike kwa taulo lenye unyevu ndani ya boksi lenye joto, maana hewa kavu nayo huua mayai.

Kinachohifadhika ni mbegu za dume. Tumia madume waliotoka kwenye vitundu vya sega wiki 2 au zaidi zilizopita. Mmoja hutoa karibu mikrolita 1, na malkia mmoja huhitaji 8 hadi 12. Mbegu ina rangi ya krimu iliyokolea. Nyuma yake hufuata ute mweupe mzito. Vuta krimu tu, kwa sababu ute ukiingia unaziba sindano ya kumpandikizia malkia mbegu (kumhimilisha). Kwa wiki mbili hivi mbegu hukaa salama kwenye nyuzijoto 14 hivi, bila kuganda.

Ili mbegu ikae muda mrefu, huchanganywa na kimiminika chenye kiini cha yai la kuku na DMSO, ambayo ni dawa ya kukinga barafu, ikapozwa polepole, nyuzi 3 hivi kwa dakika hadi 40 chini ya sifuri, ndipo mrija wenye mbegu ukatumbukizwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikiyeyushwa, mbegu hai hupungua, na malkia aliyehimilishwa nayo hutaga madume mengi kuliko kawaida. Mimi ningemtumia kuzalisha mabinti wa kuwa malkia tu, si kundi la asali.

Marekani ilizuia kuingiza nyuki hai mwaka 1922, hivyo mbegu zilizogandishwa zimekuwa njia ya kuleta damu ya nyuki wa Italia, Slovenia na Georgia. Binti wa kwanza wa malkia aliyehimilishwa hubeba nusu ya damu hiyo. Binti huyo akihimilishwa kwa mbegu ileile, mabinti zake hufika asilimia 75, na kizazi kinachofuata 87.5. Mitokondria, yaani sehemu ndogo za seli zinazotengeneza nishati na zinazorithiwa kwa mama, hazifiki kamwe kwa njia hii. Ukoo wa malkia lazima utunzwe hai mizingani, katika makundi kadhaa, hadi yai lenyewe ligandishike.