Altrasaundi, CT skani na MRI kwenye kansa ya ini, tofauti yake nini?

Watu wengi hapa Dodoma wakiambiwa wakacheki ini wanawaza moja kwa moja mashine kubwa, mtu akiandikiwa altrasaundi tu anajiona kapunjwa. Hajapunjwa bana, hivi vipimo kila kimoja kina swali lake.

Altrasaundi inauliza: kuna kitu au hakuna? Ni mawimbi ya sauti, haina mionzi, unapakwa ile jeli ya baridi, kifaa kinasukumwa chini ya mbavu, "vuta pumzi, shikilia", umemaliza. Kwa vile ni rahisi ndo maana mtu ambaye ini limeshajaa makovu, na wengi wenye hepatitis B (homa ya ini ya virusi) ya muda mrefu, wanatakiwa wairudie kila miezi 6. Lakini kivimbe kidogo inaweza kukiruka, hasa kwa mtu mnene, na mkono wa anayepima nao una mchango. Halafu ikiona kitu haisemi ni kansa, inaweza kuwa kifuko cha maji tu.

Sasa CT, yaani eksirei inayokuzunguka mwili, hapa ndo patamu. Ini linapata damu kwa njia mbili, kama robo tatu inatoka kwenye utumbo kwa mshipa wa vena na iliyobaki kwa ateri. Kansa iliyoanzia kwenye ini lenyewe huwa inanyonya zaidi kwenye ateri. Kwa hiyo unachomwa dawa ya kung'arisha picha mkononi (unasikia joto linashuka mpaka unahisi umejikojolea, hujajikojolea) na mashine inapiga picha kwa awamu, mwanzoni kivimbe kinawaka cheupe, baadaye kidogo ini zima linawaka na chenyewe kinafifia. Huko kuwaka kisha kufifia ndo alama yake, na kwa mtu wa hatari kama hao niliowataja, kivimbe cha sentimita 1 kwenda juu kikifanya hivyo daktari mara nyingi hahitaji hata kukata kinyama cha kupima. CT ya bila dawa kwa swali hili mimi naona ni hela imeenda bure. Figo tu zicheki kwanza, maana dawa hiyo inatokea huko.

MRI inatumia mbinu ileile ya dawa ila kwa sumaku, haina mionzi na vivimbe vya chini ya sentimita 2 inavikamata vizuri kuliko CT. Ila ni ghali, inapiga kelele kama mashine ya kusaga, unalala humo nusu saa au zaidi, na mgonjwa aliyejaa maji tumboni asiyeweza kubana pumzi picha zinatoka za ukungu, huyo CT inamfaa zaidi.

Kwa nini nawaambia watu wa huku? 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu (sumu ya fangasi wa nafaka), na sumukuvu ikiingia mwilini mwa mwenye hepatitis B hatari ya kansa ya ini inapanda mno. Kapime hepatitis B kwanza, ni tone la damu, ukikutwa nayo ndo uulize altrasaundi yako ya miezi 6 inaanza lini.