Miguu ya roboti: yanayosemwa na yaliyopo

Video ya aliyepooza akiinuka kwenye kiti cha magurudumu na kuanza kutembea kwa miguu ya roboti, yaani fremu yenye mota inayofungwa miguuni, husambaa haraka, na maelezo yake mara nyingi hutiwa chumvi.

"Ukishaivaa, inakutembeza yenyewe." La hasha. Chukua ReWalk, ambayo Juni 2014 ilikuwa ya kwanza ya aina yake kuruhusiwa Marekani kutumika nyumbani. Ina mota kwenye nyonga na magoti. Kusimama na kukaa huamriwa kwa kibonyezo kinachovaliwa mkononi kama saa. Hatua huanza mvaaji anapoinamisha kiwiliwili mbele kidogo, kihisi kikaunasa mwinamo huo. Kutoanguka ni juu yake mwenyewe, kwa magongo mawili, na mabega ndiyo yanayotoka jasho.

"Yeyote aliyepooza anaweza." Mhandisi aliyeibuni, Amit Goffer wa Israeli, alipooza mikono na miguu kwa ajali ya mwaka 1997. Mashine yake mwenyewe hakuweza kuitumia, maana magongo yanataka mikono! Hata kibali cha 2014, kwa matumizi ya nyumbani, kiliwahusu walioumia uti wa mgongo kati ya pingili ya saba ya kifua na ya tano ya kiuno, tena awepo msaidizi aliyefunzwa. Halafu kuna mifupa. Mguu uliokaa miaka bila kubeba uzito hudhoofu mfupa wake, na unaweza kuvunjika bila mwenyewe kuhisi. Ndiyo maana daktari hupima kwanza.

"Inaponya." Haiungi uti wa mgongo. Baadhi ya watumiaji husema choo kinapatikana vizuri zaidi na misuli haikakamai sana, na hilo si dogo, lakini ukiivua, kupooza kuko palepale.

"Ukiipata, kiti unakigawa." Claire Lomas wa Uingereza alimaliza mbio za London Marathon za 2012 akiwa na ReWalk, kwa zaidi ya wiki mbili. Ushujaa mtupu, ila si mwendo wa kuendea sokoni. Na bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, kabla hujafikiria fundi. Mwaka 2024 mpanda farasi mmoja mstaafu wa Marekani alikwama kwa hitilafu ndogo ya waya kwenye kile kisaa cha mkononi. Kampuni ilimkatalia kwa kuwa kifaa kilishapita miaka mitano, ikakubali kukitengeneza habari zilipotapakaa.