Je, wajua? Kifungu cha kuongeza muda kinamlinda zaidi mwenye jengo kuliko mkandarasi

Mimi kwa muda mrefu nilijua kile kifungu cha mkataba wa ujenzi kinachoruhusu mkandarasi aongezewe siku ni huruma tu, kaomba, kaonewa imani, kapewa. Na ukiwasikiliza wenye mradi wanaongea hivohivo, "nimempa wiki tatu", utadhani katoa sadaka. Wengine wanajiona wajanja kabisa, wanakifuta ili wambane mkandarasi. Kumbe wanajifunga wenyewe.

Chukua fundi cherehani. Mmekubaliana gauni liwe tayari ijumaa, akichelewa unamkata hela kwa kila siku. Alitakiwa aanze jumatatu ila kitambaa umempelekea jumatano. Ijumaa inafika, gauni lina mkono mmoja. Unamkata? Hapana, si wewe ndo umemlia siku mbili. Haya, basi tuhesabu kuanzia jumapili? Hapo ndo penye utamu, maana jumapili hamkuwahi kuiongelea. Ijumaa umeiua mwenyewe na hamkuandika popote kwamba ikifa inakuja tarehe gani, na faini ya kila siku lazima iwe na tarehe ya kuanzia kuhesabu, ni kama rula iliyokatwa pale kwenye sifuri, utapimia wapi? Kwa hiyo faini yote inaanguka, hata kama fundi naye alijilalia siku zake tano. Lakini mngeandika tu "nikichelewesha kitambaa tarehe inasogea", mngekuwa na jumapili halali, na jumatatu ungeanza kukata bila ugomvi. Yaani zile siku "unazompa" ndo zinazokuwekea hai haki yako ya kumkata, kitu ambacho bado naona cha ajabu kila nikikifikiria.

Na hii ni ya zamani. Mwaka 1838 Uingereza, kesi ya Holme na Guppy, mafundi walikubali kumaliza kazi ya kiwanda cha bia kwa miezi minne na nusu, wakichelewa wanakatwa pauni 40 kwa wiki. Wenye kiwanda wakachelewa wiki nne kuwakabidhi eneo. Mahakama ikasema hakuna kukata. Halafu 1970 ikaja kesi ya Peak (mkandarasi mkuu) na McKinney (fundi wake wa nguzo), kule Liverpool: nguzo za msingi zilikutwa mbovu, kosa la upande wa ujenzi kabisa, ila manispaa ambayo ndo ilikuwa mwenye mradi ikavuta miguu sana kabla kazi haijaendelea, na kifungu chao cha kuongeza muda hakikugusa ucheleweshaji wa aina hiyo. Faini ikaanguka.

Ila tusivuke mpaka. Tarehe ikifa haimaanishi mkandarasi ajenge mpaka achoke, anabaki na muda unaofaa kwa kazi ile, na mwenye jengo bado anaweza kudai hasara halisi, shida ni lazima aithibitishe, wakati faini ya mkataba haihitaji hivo. Tena haya ni ya sheria ya Kiingereza na nchi zilizoirithi, kwingine hesabu inaweza kuwa tofauti.

Na mkandarasi asishangilie mapema akisema "nisipoomba muda tarehe inakufa, nimepona". Australia mwaka 1999, kesi ya Gaymark, mkandarasi aliyekosa kutoa taarifa ya kucheleweshwa kwa wakati aliponea hapohapo, lakini 2007 jaji wa Uingereza kwenye kesi ya Multiplex na Honeywell akaitilia shaka waziwazi. Mikataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) toleo la 1999 inampa mkandarasi siku 28 tu za kutoa taarifa, akizipitisha anakosa muda na hela, na hazihesabiwi tangu kazi ikwame au hasara ijulikane, zinahesabiwa tangu alipojua tukio au alipopaswa kulijua. Yaani kwa yule fundi wetu, saa ingeanza kugonga jumatatu ileile kitambaa kilipokosekana, kabla hata hajajua atachelewa siku ngapi.