Maana ya kutembeza ndege ardhini wakati wa utelezi

Kutembeza ndege ardhini ni kuiendesha kwa nguvu ya injini zake kutoka maegeshoni, kupitia viungio, yaani njia zinazounganisha maegesho na barabara ya kurukia, hadi kwenye barabara hiyo, au kuirejesha maegeshoni baada ya kutua. Abiria wengi huihesabu sehemu hii ya safari kuwa ni ya kungojea tu, ilhali katika siku za masika, baina ya Machi na Mei, lami ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume hapa Unguja inapolowa, kazi hiyo hudai uangalifu mkubwa.

Sababu imo katika maumbile ya ndege yenyewe. Gari husukumwa na magurudumu yake, lakini magurudumu ya ndege hayazungushwi na injini. Yanabiringika tu, na kinachoisukuma ndege ni msukumo wa injini dhidi ya hewa, ambao haupotei hata injini zikiachwa katika nguvu ndogo kabisa. Ndege aina ya Boeing 737-800 inaweza kufikia uzito wa tani 79, na takriban uzito wote huo hubebwa na magurudumu manne makuu yaliyo chini ya mabawa, ambayo ndiyo pekee yenye breki. Magurudumu mawili ya mbele, yanayoelekeza ndege kwa usukani mdogo ulio pembeni mwa kiti cha rubani, hubeba kama moja ya kumi ya uzito au pungufu. Kwa hiyo sehemu inayopaswa kuigeuza ndege ndiyo inayoishika lami kwa nguvu ndogo zaidi, na lami ikiteleza, magurudumu hayo yanaweza kukatwa upande huku ndege ikiendelea kwenda mbele moja kwa moja.

Utelezi huu hautokani na tairi kuelea juu ya maji, kama wengi wanavyodhani. Tairi zenye shinikizo kubwa kama za ndege hizi huanza kuelea katika mwendo unaozidi kilomita 200 kwa saa, yaani wakati wa kutua au kuruka. Katika mwendo mdogo, hatari ni utando mwembamba wa maji uliochanganyika na vumbi, mafuta na mabaki ya mpira yaliyogandamana pale tairi zinapogusa lami wakati wa kutua. Ndiyo maana mvua ya mwanzo baada ya ukavu huleta utelezi mbaya kuliko mvua iliyokwisha kuosha lami, na mistari ya rangi huteleza zaidi ya lami iliyo kando yake.

Tangu Novemba 2021, utaratibu wa kimataifa hutaka hali ya barabara ya kurukia itolewe kwa alama kuanzia 6, yaani kavu, hadi 0. Maji yasiyozidi milimita 3 kwa kawaida hupewa 5, na yakizidi hapo alama hushuka hadi 2. Viungio na maegesho havipewi alama hizo, hivyo rubani huhitaji zaidi macho na busara yake.

Upepo nao una sehemu yake. Barabara ya kurukia ya Unguja imelazwa kaskazini na kusini, kwa hiyo upepo wa kusi huipata ndege kwa mbele au nyuma ikiwa juu yake. Ikishakata kuingia kiungio, upepo uleule huipiga ubavuni, husukuma mkia, na kutaka kuielekeza pua kwenye upepo.

Kwa hayo yote, kanuni iliyo muhimu kuliko nyingine ni kuupunguza mwendo kabla ya kona, wala si ndani ya kona. Katika ukavu, kona kali huchukuliwa kwa takriban kilomita 18 kwa saa. Penye utelezi, mwendo hushushwa karibu na ule wa mtu anayetembea kwa haraka. Breki hukanyagwa mapema, polepole, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Endapo yataanza kuteleza, rubani hapaswi kuukata usukani zaidi, ingawa ndivyo mkono unavyotaka, bali aurudishe kidogo hadi tairi zishike tena, kisha ageuke taratibu. Mfumo unaozuia magurudumu yasigande kwa breki huacha kufanya kazi mwendo unapokuwa mdogo sana, kwa hiyo mita chache za mwisho maegeshoni, penye rangi na mafuta mengi, hutegemea mguu wa rubani peke yake.