Ukuu wa jiji moja na maendeleo ya uchumi

Ukuu wa jiji moja ni hali ambayo jiji kubwa kuliko yote nchini huyaacha mbali mengine kwa watu, biashara na mamlaka. Mwaka 1939 mwanajiografia Mmarekani Mark Jefferson alieleza kuwa jiji la namna hiyo huwa na watu angalau mara mbili ya lile linalolifuata. Dar es Salaam inakipita kipimo hicho kwa mbali: katika sensa ya 2022 ilikuwa na watu milioni 5.38, ilhali Nyamagana na Ilemela, zinazounda jiji la Mwanza, zilikuwa na milioni 1.1 tu.

Uchumi unapoanza kukua, ukuu huo kwa kawaida huongezeka. Mtaji huwa haba, hivyo bandari, reli, umeme na benki hurundikwa mahali pamoja, na mwenye kiwanda huzifuata kwa kuwa huko ndiko waliko mafundi, vipuri na wateja. Hata mwenye duka Mbeya hupanda basi kwenda kufungasha mzigo Kariakoo. Kipato kinapopanda, viwanja vikawa ghali na foleni zikala saa za kazi, viwanda huanza kuhamia kule barabara na umeme vilikofika, na uzito wa jiji kuu hupungua.

Kupungua huko hakuji kwenyewe. Wanauchumi Alberto Ades na Edward Glaeser walionyesha mwaka 1995 kuwa majiji makuu huwa makubwa zaidi katika nchi zenye utawala wa kimabavu na ushuru mkubwa wa forodha. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote, kwa sababu pale ambapo riziki inategemea kibali, watu watasogea karibu na anayekitia saini. Tanzania ilichagua miji tisa ya kukuzia viwanda katika mpango wa miaka mitano ulioanza 1969, na mwaka 1973 ikaamua kuhamishia makao makuu Dodoma, lakini wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka arobaini.

Takwimu nazo zataka uangalifu. Kati ya 2012 na 2022, sehemu ya Watanzania waishio Mkoa wa Dar es Salaam ilishuka kutoka asilimia 9.7 hadi 8.7, na mtu angeweza kudhani kilele kimepita. Lakini katika muda huohuo Mkoa wa Pwani uliongezeka kutoka watu milioni 1.1 hadi milioni 2, wakiwamo wengi waliojenga Kibaha, Mkuranga na upande wa Bagamoyo huku kazi zao zikibaki mjini. Mikoa hiyo miwili ikijumlishwa, sehemu yake ni takribani asilimia 12 katika sensa zote mbili.