Majina ya Uvimbe katika Majibu ya Patholojia

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kusoma kwa hadubini vinyama vilivyokatwa kutoka kwa wagonjwa, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote huhusu jina lililoandikwa mwishoni mwa karatasi ya majibu, jina linaloishia kwa "-oma". Wengi huamini kwamba kila jina lenye mwisho huo ni saratani. Kwa kweli mwisho huo hutaja uvimbe tu, bila kusema tabia yake, na wakati mwingine hautaji hata uvimbe wa seli zinazokua ovyo: hematoma ni damu iliyovilia ndani ya mwili, na granuloma ni mkusanyiko wa seli za kinga, ambao kwa wagonjwa wetu mara nyingi hutuelekeza kwenye kifua kikuu.

Habari iliyo muhimu imo katika sehemu zinazotangulia. Lipoma ni uvimbe wa mafuta, osteoma ni wa mfupa, adenoma ni wa tezi, na leiomioma, ambayo mitaani hujulikana kama fibroidi, ni uvimbe wa msuli wa mfuko wa uzazi. Hizi si saratani: kwa kawaida hukua polepole, seli zake hufanana sana na tishu zilikotoka, na hazisambai kwenda viungo vingine. Fibroadenoma ya titi, inayowapata zaidi wasichana na wanawake vijana, huteleza chini ya kidole inapopapaswa kwa sababu haikushikamana na nyama inayoizunguka. Uvimbe ukiwa wa saratani, jina lenyewe hurefuka. Ulioanzia kwenye ngozi, kwenye utando wa ndani wa viungo au kwenye tezi huitwa karsinoma. Ulioanzia kwenye mfupa, msuli, mafuta au mishipa ya damu huitwa sarkoma. Ndiyo maana adenoma na adenokarsinoma, au lipoma na liposarkoma, yasisomwe kwa haraka kana kwamba ni mamoja.

Kanuni hiyo ina wakaidi wake. Limfoma (ya seli za kinga), melanoma (ya seli za rangi ya ngozi), mieloma (ya seli za uboho) na seminoma (ya korodani) zote ni saratani ingawa majina yake yanasikika kwa upole. Limfoma iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, huvimbisha taya la mtoto kwa kasi ya kutisha, lakini ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri endapo mtoto atafikishwa hospitali mapema. Mzazi anayedhani ni jino bovu na kusubiri wiki kadhaa hupoteza muda wenye thamani kubwa.

Kwa upande mwingine, kusema kwamba uvimbe si wa saratani si sawa na kusema kwamba hauna madhara. Meninjioma, yaani uvimbe wa utando unaofunika ubongo, nyingi si saratani, lakini fuvu halitanuki, na ubongo hubanwa. Ameloblastoma ya taya husambaa kwenda mbali kwa nadra mno, ila hula mfupa unaoizunguka na hurudi iwapo daktari ameikwangua tu badala ya kuikata pamoja na sehemu ya mfupa mzima. Fibroidi nazo huweza kumtoa mwanamke damu hadi akahitaji kuongezewa, ilhali kugeuka kwake kuwa sarkoma, jambo wanaloliogopa wengi, ni nadra sana.

Sisti, au uvimbe maji, ni kifuko chenye ukuta uliotandikwa seli kwa ndani, nacho huweza kujaa maji, ute, mafuta au damu. Nyingi za kwenye ovari hutokana na mzunguko wa hedhi na hunywea zenyewe katika miezi michache, kwa hiyo si kila picha ya ultrasaundi inayoonyesha sisti inastahili kisu. Sisti yenye vinyama vigumu ndani yake, au kuta nene zinazoigawa vyumba, huhitaji uchunguzi zaidi, maana zipo saratani zinazojaa maji vilevile. Inayozua minong'ono kuliko zote ni sisti ya dermoidi, ambayo ndani yake mna nywele, mafuta na pengine meno. Ndugu wakionyeshwa, huanza kumtafuta aliyeroga. Chanzo chake ni seli za kutengeneza mayai, ambazo kwa asili zina uwezo wa kuzaa tishu za kila namna, na kwa watu wazima dermoidi karibu zote si saratani.

Yapo pia majibu yasiyoangukia upande wowote. Seli zikiwa zimeharibika lakini hazijatoboa utando uliozishikilia, kama tunavyoona kwenye shingo ya kizazi, huitwa karsinoma iliyobaki mahali pake, na mara nyingi huondolewa kabisa kwa kukata kipande kidogo. Kwenye ovari kuna uvimbe wa mpakani, ambao seli zake hujirundika na kubadilika sura bila kuvamia nyama ya chini. Ninapoandika neno hilo baadhi ya wagonjwa hudhani nimeshindwa kuamua, lakini hilo ni kundi kamili lenye tiba yake: upasuaji, ambao kwa mwanamke anayetaka kuzaa mara nyingi huacha ovari ya pili, na kliniki za ufuatiliaji kwa miaka mingi kwa sababu huweza kurudi baada ya muda mrefu.