Wakingaji wa futiboli ya Kimarekani si miili tu

Imezoeleka kusemwa kwamba wale wanaume watano wanaomkinga kwotabeki, yaani mrusha mpira, ni miili tu: mradi una kilo 140, kazi unayo. Si kweli.

Mtazame Jason Kelce. Mwaka 2011 Philadelphia Eagles (timu ya ligi kuu ya Marekani) walimchukua katika raundi ya sita ya uteuzi wa wachezaji wapya, akiwa wa 191 kuchaguliwa, maana wengi walimwona mdogo mno kwa nafasi ya senta, yaani mkingaji wa katikati anayeuanzisha mpira. Alicheza misimu 13 na kutwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi, Februari 2018. Alitegemea miguu myepesi na kichwa. Kabla mpira haujaanzishwa, senta husoma wapinzani walivyojipanga, kisha huwatangazia wenzake nani amzuie nani, huku sekunde zikiyoyoma. Akikosea, kwotabeki anaweza kuangushwa vibaya.

Tena kuna ustahimilivu, ambao nauheshimu mno. Joe Thomas, mkingaji wa timu ya Cleveland Browns, alikuwa uwanjani mara 10,363 mfululizo mpira ulipoanzishwa, tangu 2007 hadi alipochanika msuli wa mkono mwaka 2017. Alipostaafu alipungua takriban kilo 20. Uzito ule alikuwa akiulisha kwa makusudi, kwa ajili ya kazi.